Rafiki wa Mazingira ya Nani?

Mwezi uliopita wenzangu idarani walinikabidhi kazi ambayo kila mmoja wao aliiona kuwa zawadi: kutafuta hoteli. Tuna mradi wa utafiti kuhusu mabadiliko ya tabianchi, mfadhili ametenga fedha za warsha ya kuandika ripoti, na miongoni mwa masharti yake imo sentensi moja iliyozua haya yote. Warsha ifanyike, asema, katika hoteli ya hadhi ya juu iliyo rafiki wa mazingira, nje ya jiji lakini mahali panapofikika kwa gari. Tuko watu 23, tutalala siku tatu, na tumekubaliana kwamba safari isizidi saa tano kutoka Dar es Salaam. Nilipewa gari, dereva na mkufunzi msaidizi mmoja, nikaambiwa nirudi na jina la hoteli.

Naandika kwa sababu nimeona kwamba sentensi ile ya mfadhili ina siasa nyingi kuliko ilani kadhaa za uchaguzi nilizowahi kuzisoma.

Tuanze na maneno yenyewe. Nyota za hoteli zina utaratibu wake: hoteli hukaguliwa na kupangwa katika madaraja kwa vigezo vilivyokubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tathmini ya athari kwa mazingira nayo ina utaratibu wake chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na NEMC ndiyo yenye dhamana ya kuisimamia. Lakini neno “rafiki” halina mlezi. Yeyote mwenye kopo la rangi ya kijani anaweza kuliandika langoni. Kimataifa lipo baraza la utalii endelevu, linalojulikana kwa kifupi kama GSTC, ambalo lenyewe halizipi hoteli vyeti, bali huweka vigezo na kuidhinisha taasisi zinazotoa vyeti hivyo. Vigezo hivyo vina nguzo nne, na mazingira ni moja tu kati yake. Nyingine ni uongozi, utamaduni, na manufaa ya kiuchumi na kijamii kwa watu wa mahali hoteli ilipo. Hii nguzo ya mwisho sikuiona katika tangazo hata moja.

Nilikusanya matangazo ya hoteli 11. Karibu yote yalitaja umeme wa jua, mirija ya karatasi na kadi inayomwomba mgeni atumie taulo moja kwa siku mbili. Hoteli moja ilijisifu kwamba haina mifuko ya plastiki, sifa inayofanana na ya dereva anayejivunia kusimama kwenye taa nyekundu, kwani mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.

Kwa upande wa mahali pa kwenda, mkazi wa Dar es Salaam hana la kulalamikia. Kusini, hasa tangu daraja la Kigamboni lifunguliwe mwaka 2016, zipo fukwe ambako kasa bado hupanda usiku kutaga mayai. Magharibi, chini ya mwendo wa saa mbili hata foleni ikiwa mbaya, ipo misitu ya Pugu na Kazimzumbwi wilayani Kisarawe, mabaki ya misitu ya kale ya pwani yetu. Kaskazini ipo Bagamoyo, kilomita 70 hivi, na mbele yake Saadani, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, ambako wanyama wa nyika huifikia bahari. Mwenye moyo wa safari ndefu huenda Morogoro chini ya milima ya Uluguru, au Mikumi, hifadhi ambayo barabara kuu ya kwenda Zambia inaipasua, au hushuka hadi mto Rufiji kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mkufunzi wetu alichora duara kwenye ramani, na ndani ya duara lile tulikuwa na bahari, mito miwili mikubwa, milima, misitu na tembo. Nchi nyingi zingetuonea wivu.

Basi tukaanza kutembelea, na tangu hoteli ya kwanza nilijiwekea desturi ya kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: maji yanatoka wapi?

Niliuliza hivyo kwa sababu ya utafiti wa zamani kidogo ambao huwapa wanafunzi wangu kila mwaka. Mwaka 2001 Stefan Gössling alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu matumizi ya maji katika utalii wa Zanzibar. Kwa wastani, mtalii mmoja alitumia lita 685 kwa siku, kiasi kikubwa mara nyingi kuliko cha mwenyeji wa kijiji jirani, na sehemu kubwa kuliko zote haikunywewa wala kuogewa na mtu: ilimwagiliwa bustani. Kila ninapolitaja jambo hilo darasani hutokea mwanafunzi anayeguna. Nyasi laini inayopendeza pichani mwezi Septemba, wakati kila kitu nje ya ukuta kimekauka, ni maji ya mtu fulani.

Kwetu huku Bara mtu huyo ni rahisi kumtaja. Mto Ruvu huanzia milima ya Uluguru, hupita katika mkoa wa Pwani na kuingia baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo, katikati ya mikoko. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini hulihudumia jiji kwa sehemu kubwa ya maji yake. Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilipochelewa na mto ukapungua, Dar es Salaam ilipata maji kwa mgao, na sote twakumbuka foleni za madumu. Hoteli ya Morogoro iliyo juu ya mto, hoteli ya Bagamoyo iliyo karibu na mdomo wake na mama wa Mbagala mwenye ndoo wamo katika hesabu moja, ingawa hawatakutana kamwe.

Katika hoteli moja ya ufukweni, ambayo jina lake sitalitaja, meneja kijana mwenye adabu na elimu nzuri alitupeleka kwanza kuona paneli za sola. Zilikuwa nyingi na zilipangwa vizuri, na sina sababu ya kuzibeza. Kisha nikamuuliza kuhusu maji.

“Tuna kisima, Dokta.”

“Maji yake ni matamu?”

“Yalikuwa. Siku hizi yana chumvi kidogo, kwa hiyo ya wageni tunaleta kwa boza.”

“Na bwawa la kuogelea?”

“Hilo pia ni la boza. Wageni hawapendi chumvi.”

Bwawa lenyewe lilikuwa hatua chache kutoka Bahari ya Hindi. Nilipotoka langoni nilinunua vitumbua kwa mama mmoja aliyekaa chini ya mwembe, tukazungumza. Alisema kisima cha mtaa wao nacho kimeanza kuwa na chumvi, hata chai haifai tena. Kisima kimoja hakithibitishi chochote, na sikuwa na vipimo. Lakini wataalamu wa maji ya ardhini wanalijua jambo hili vizuri: ukivuta maji matamu kwa kasi karibu na pwani, maji ya bahari husogea chini kwa chini kushika nafasi yake. Mwenye boza hununua mengine. Asiye na boza hunywa chumvi.

Swali la pili likanijia lenyewe katika hoteli iliyofuata. Tulikuwa tumeshuka ufukweni kutazama bahari, tukamkuta mzee akishona wavu upande wa nje wa uzio.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, wanangu. Ninyi ndio wanunuzi?”

Alidhani tumekuja kununua kiwanja. Tulipomweleza kazi yetu alicheka, akatuonyesha kwa kidole mahali walipokuwa wakivuta ngalawa na kuanika dagaa, na njia ya mchanga waliyokuwa wakiipita kwenda mnadani. Sasa huzunguka hadi kwenye mivinje, upande wa pili wa hoteli, kwa sababu uzio unafika maji yanapojaa. Hakuzungumza kwa hasira. Alizungumza kama mtu anayeeleza hali ya hewa, na hilo ndilo lililonisumbua. Nilihesabu hatua kutoka alama ya maji kujaa hadi ukuta wa baa, nikapata 31. Kifungu cha 57 cha sheria ile ile ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Najua zipo hoteli zilizojengwa kabla ya sheria. Hii ilikuwa bado inanukia rangi.

Hapa ndipo wapenzi wa mazingira huweza kupotea njia, na nasema hivyo nikiwa mmoja wao. Tukisikia neno mazingira, twawaza ndege, kasa na mikoko. Mzee wa wavu hatumwazi kuwa ni sehemu yake. Kwa sababu hiyo, hoteli inaweza kulinda viota vya kasa kwa uaminifu kabisa huku ikimfungia njia binadamu aliyeishi na kasa hao tangu utotoni, na bado ikapewa cheti. Wanaofuatilia Saadani wanaujua mgogoro wa miaka mingi baina ya hifadhi na wakazi wa kitongoji cha Uvinje kuhusu mpaka. Watafiti wameuandika, na haujawa hadithi tu ya wanyama dhidi ya majangili.

Upo pia upande wa ardhi ambao mgeni haoni. Mgeni kutoka nje ya nchi hawezi kumiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na ardhi ya kijiji ikitakiwa kwa kazi hiyo sharti kwanza ihamishwe kuwa ardhi ya jumla. Ikishahama haiko tena chini ya halmashauri ya kijiji. Mwekezaji akifilisika au akiondoka, kijiji hakirudishiwi ardhi yake kwa kuwa tu ameondoka. Wanafunzi wangu wengi, hata wa sheria, hushangaa wakisikia hivyo. Kwa hiyo hoteli inaposema kwamba “tunaishi kwa amani na kijiji”, ni halali kuuliza kama ardhi ilipangwa, ilinunuliwa au ilihamishwa, na kijiji kinapata nini kila mwaka. Mameneja wawili walinijibu bila kusita na kunionyesha karatasi. Wengine waliniambia niandike barua makao makuu.

Lazima nimtendee haki mwenzangu mmoja, profesa wa uchumi aliye katika kamati yetu, ambaye haafikiani nami katika mengi ya haya. Nilipowasilisha taarifa ya kwanza alisema kwamba nina mapenzi ya kishairi kwa vibanda vidogo. Hoteli kubwa, alisema, ina mtambo wa kusafisha majitaka, ina mikataba ya ajira na michango ya hifadhi ya jamii, na ina mtu wa kumshtaki mambo yakiharibika. Kibanda cha makuti chenye vyumba sita kinaweza kuwa na shimo la choo mita kumi kutoka kisimani, wafanyakazi wanaolipwa kwa siku, na paa lililoezekwa juu ya boriti zilizokatwa usiku kwenye mikoko, ilhali mikoko yote ya Bara ni msitu wa hifadhi. Ana hoja. Katika ziara zetu, mahali palipokuwa na majitaka yaliyotibiwa vizuri kuliko kote palikuwa hoteli kubwa. Na palipokuwa na harufu mbaya kuliko kote palikuwa loji ndogo yenye jina la kishairi hasa.

Lakini hoja yake haigusi jambo moja, nalo ni anasa yenyewe. Tumezoea kuipima anasa kwa wingi: maji mengi, ubaridi mwingi, taa nyingi, vyakula 40 mezani ambavyo nusu yake hutupwa. Ukishakubali kipimo hicho, urafiki na mazingira unabaki kuwa kazi ya kupunguza aibu. Upo mfano unaonyesha kwamba si lazima iwe hivyo, ingawa gari halifiki: kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja. Vipo vibanda saba tu. Paa hukinga mvua na maji hayo ndiyo ya kuogea, vyoo havitumii maji bali hugeuza kinyesi kuwa mboji, umeme ni wa jua, na maji ya bafuni huchujwa na mimea. Matumbawe yake ni hifadhi tangu mwaka 1994, na watoto wa shule za Zanzibar hupelekwa kujifunza. Watu hulipa fedha nyingi kulala huko, hakuna bwawa, hakuna kiyoyozi, na sijasikia kwamba wanajiona wamepunjwa.

Nilipoutaja mfano huo kikaoni, mjumbe mmoja alisema, “Dokta, sisi si watalii, sisi tunakwenda kufanya kazi, na bila kiyoyozi hakuna ripoti itakayoandikwa.” Wote wakacheka, nami nikacheka. Lakini waliojenga mji wa zamani wa Bagamoyo waliandika barua, mikataba na vitabu ndani ya nyumba zenye kuta nene, dari za juu na baraza zinazopokea upepo. (Profesa wangu hakuchelewa kukumbusha kwamba kuta hizo ni mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwa kuni. Ni vigumu kumshinda.)

Jambo la magari ndilo lililokuwa fupi, lakini ndilo lililowaudhi watu zaidi. Desturi yetu ni kwamba wakubwa husafiri na magari yao. Nilipiga hesabu ubaoni. Magari sita makubwa ya dizeli, kila moja likila lita 13 kwa kilomita 100, kwenda na kurudi Bagamoyo ni lita 109 hivi. Basi dogo moja la Coaster linalotosha watu wote 23 ni lita 22 au 23. Kila lita ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Ukichagua Mikumi kwa magari sita, unazidisha hesabu hiyo mara nne na zaidi, na hakuna idadi ya mirija ya karatasi itakayoifidia. Morogoro ina unafuu wake tangu treni ya umeme ya SGR ianze safari mwaka 2024, na nilipendekeza tuitumie. Kilichofuata kilikuwa kimya cha heshima.

Mwishowe nilipendekeza loji ya Kisarawe, pembezoni mwa msitu. Ina vyumba 12, mmiliki ni mama mstaafu wa utumishi wa umma. Mvua hukingwa na kuhifadhiwa kwenye simtanki, jiko linatumia gesi ya samadi ya ng'ombe wake, na vyumba vina feni na madirisha makubwa yenye wavu. Mboga na kuku hununuliwa kwa majirani, na daftari la manunuzi tulionyeshwa. Wafanyakazi tisa kati ya 11 wametoka katika vijiji vya jirani na wana mikataba. Mpishi alinitolea wake kutoka kabatini bila kuombwa mara mbili. Njia ya watu kwenda shambani inapita katikati ya kiwanja chake, na watoto wa shule walipita wakituamkia tukiwa mezani. Nyama huchomwa kwa mkaa, na mkaa katika eneo lile si jambo dogo, kwani ndio uliomaliza sehemu kubwa ya msitu ule. Nilimwambia, akasema anajua, na kwamba gesi yake haijatosha kuchomea. Shuka zilikuwa safi kuliko za hoteli yoyote tuliyoiona. Kisamvu cha nazi cha mchana ule sitakieleza hapa, nisije nikatuhumiwa kwa rushwa.

Kamati iliafiki kwa kura moja zaidi, na kura hiyo ilikuwa ya profesa, baada ya kuukagua mfumo wa majitaka kwa macho yake.

Kisha ofisi ya ununuzi ikatuambia kwamba haiwezekani. Fedha za mfadhili zikishaingia kwenye akaunti ya taasisi ya umma hutumika kwa taratibu za umma, na mtoa huduma sharti awe amesajiliwa katika mfumo wa kielektroniki wa NeST. Mama wa Kisarawe hajasajiliwa. Hoteli yenye bwawa la boza imesajiliwa, na ile yenye hatua 31 pia. Mfumo unauliza leseni, kodi na mambo mengine ya msingi, na ni vizuri unauliza, kwani twajua tulikotoka. Ila katika zabuni za huduma za hoteli nilizopata kuziona hakuna mahali palipoulizwa maji yanatoka wapi, wala kama wavuvi wana njia. Watumishi wa umma mnaosoma hapa, baadhi yenu ndio mnaoandika vigezo vya zabuni hizo katika taasisi zenu. Mistari miwili ya namna hiyo haihitaji sheria mpya. Inahitaji mtu wa kuichapa.

Nimo katika kamati itakayochagua, kwa hiyo siwezi kumsaidia mama yule kujaza fomu zake. Nilichofanya ni kumwelekeza kwa afisa biashara wa wilaya. Alinipigia juzi kusema kwamba vyeti vyote anavyo, ila usajili ulikuwa haujakamilika kwa sababu mtandao ulikatika mara mbili akiwa ofisini pale, na ameambiwa arudi Jumatano. Zabuni inafungwa Ijumaa saa kumi jioni.